Barua ya wazi kwa viongozi wa vyama vya washauri nasaha wa kidini: malalamiko yasiishie mezani kwa Mzee

Waheshimiwa wenyeviti, makatibu na wajumbe wa kamati za maadili,

Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa salamu ya dini yake.

Naanza na simu. Jioni moja, miaka kadhaa iliyopita, kiongozi wa jumuiya yetu ya ibada alinipigia. Aliniuliza habari za nyumbani, akaniuliza habari za kazi, kisha kwa sauti ile ile ya upole akauliza, "Na yule binti yetu anayekuja kwako, anaendeleaje?" Nilijua anamsema nani. Nilijua pia kwamba binti mwenyewe hakumwambia mtu kuwa anakuja kwangu. Pengine alionekana tu akiingia mlangoni. Nikajibu kwamba siwezi kusema nani anakuja kwangu na nani haji. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema, "Mwanangu, kwani mimi ni mtu wa nje?"

Kesho yake niliandikia chama changu kuomba mwongozo. Jibu lilikuja kwa simu, si kwa barua. Katibu aliniambia Mzee aliuliza kwa upendo tu, nisilikuze jambo. Sikuridhika. Nikafungua orodha ya kamati ya maadili ili nijue nipeleke wapi swali langu, na jina la kwanza kwenye orodha, mwenyekiti, lilikuwa la yule yule aliyenipigia.

Sitaitaja dini yangu wala chama changu. Si kwa woga, ingawa woga nao upo. Ni kwa sababu kila ninapokaa na washauri wa dini nyingine kwenye mafunzo, mapumziko yakifika, wananisimulia simu hiyo hiyo. Kinachobadilika ni cheo cha aliyepiga. Kwa hiyo humu nitamwita Mzee tu, nanyi kila mmoja amvishe joho au kilemba anachokijua.

Nisieleweke vibaya. Sipingi kuwapo kwa vyama hivi. Nimekuwa mwanachama muda mrefu na ada yangu nimelipa. Tulihitaji mahali petu. Kwa miaka mingi wataalamu wa saikolojia waliitazama dini kama dalili ya ugonjwa, na watu wa dini wakaitazama saikolojia kama njia ya kupotea. Aliyesimama katikati alirushiwa mawe kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana Wakristo wa Marekani waliunda chama chao cha masomo ya saikolojia mwaka 1956, na Wamormoni wakaunda cha washauri na watibabu wao mwaka 1975. Wayahudi wa Kiorthodoksi wana Nefesh, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa sana, maana limetoka kwenye mzizi mmoja na neno letu nafsi. Kwa upande wa Waislamu, Profesa Malik Badri wa Sudani, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa akiwaonya wanasaikolojia wenzake tangu miaka ya 1970 wasimeze nadharia za Magharibi bila kuzitafuna.

Na mtu wa kumkumbuka zaidi, kwa maoni yangu, ni Anton Boisen. Alikuwa mchungaji aliyewahi kulazwa yeye mwenyewe katika hospitali ya magonjwa ya akili. Mwaka 1925 alianza kuwaingiza wanafunzi wa theolojia kwenye wodi za hospitali ya Worcester, Massachusetts, wajifunze kwa wagonjwa, si vitabuni peke yake. Mafunzo yaliyokua kutokana na jaribio lile bado yapo, na hatua yake moja ni saa 400. Sehemu ya saa hizo mwanafunzi huandika neno kwa neno alichomwambia mgonjwa, halafu hukaa mbele ya msimamizi na wenzake wakamwonyesha alikokosea. Nawaomba mlishike hili la kukosolewa na wenzako, nitalirudia.

Faida ya mshauri wa imani yako ni kubwa na haihitaji kutetewa sana. Mteja hapotezi saa nzima akieleza kwa nini talaka inamtisha kuliko kipigo, au kwa nini anaamini maombi yake yamekataliwa. Unamwelewa kabla hajamaliza sentensi. Tatizo ni kwamba ukaribu huo huo unaomfungua mdomo ndio unaoweza kumwangamiza.

Mshauri mwingine akimaliza saa yake na mteja, wanaachana. Sisi hatuachani. Wiki haijaisha tumekutana ibadani, tumekutana msibani, tumekaa meza moja kwenye kamati ya ujenzi. Mume wa mteja wangu ndiye mweka hazina. Mama mkwe wake ndiye anayenipokea mlangoni. Kanuni za vyama vikubwa vya kidunia zimejitahidi kuchora mipaka: chama cha washauri cha Marekani, katika kanuni zake za mwaka 2014, kinamkataza mshauri uhusiano wa kimapenzi na aliyekuwa mteja wake hadi ipite miaka 5 tangu waachane kikazi, wanasaikolojia wa huko wameweka miaka 2, na hata baada ya hapo kwa masharti magumu. Ni sawa. Lakini kanuni hizo ziliandikwa na watu wanaodhani kukutana na mteja nje ya ofisi ni ajali. Kwetu ni ratiba. Nani atatuandikia la kufanya pale mteja wa jana anapochaguliwa leo kuwa kiongozi wangu? Kanuni za vyama vyetu nilizozisoma zimenakili za wale wakubwa, zikaongeza aya ya dini mwanzoni na dua mwishoni. Pale katikati, penye shida yetu hasa, hapana kitu.

Chukueni suala la siri. Katika Kanisa Katoliki siri ya kitubio haina mlango wa nyuma. Kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa inamkataza muungamishi kumsaliti mtubuji kwa neno au kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote iwayo, na anayeivunja moja kwa moja hujitenga na Kanisa kwa tendo lake lenyewe. Usiri wa mshauri nasaha si wa namna hiyo. Una mipaka: mteja akiwa hatarini kujiua, au mtoto akiwa anaumizwa, mshauri anapaswa kuchukua hatua, na mara nyingi sheria inamlazimisha. Sasa fikirini mtu mmoja mwenye majukumu yote mawili, asubuhi anasikiliza maungamo, jioni anatoa ushauri nasaha, katika chumba kile kile. Anayekuja analia. Mtu anayelia haulizi amekaa kiti gani. Ni kazi ya mwenye chumba kumwambia kabla hajafungua kinywa: hapa nikikusikia hivi sitasema kamwe, hapa nikikusikia hivi huenda nikalazimika kusema. Dini zisizo na kitubio nazo zina namna yake; kila mahali yupo mtu anayesikiliza dhambi na kutibu huzuni kwa pumzi moja. Ni vyama vingapi kati yenu vina karatasi ya ukurasa mmoja inayomweleza mteja tofauti hiyo, akaisaini?

Mahakama haitatusaidia hapa, wala tusiisubiri. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya jimbo la California iliamua, katika kesi ya Tarasoff, kwamba mtibabu wa akili anayejua mteja wake ni hatari kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumkinga mtu huyo. Miaka 12 baadaye, 1988, mahakama hiyo hiyo ililetewa kesi ya wazazi ambao kijana wao alijiua baada ya kushauriwa na wachungaji wa kanisa lake. Wazazi walisema wachungaji wale walipaswa kumpeleka kwa wataalamu. Mahakama ikakataa kuwabebesha washauri wa kidini wasio watibabu wajibu huo. Moja ya sababu zake inaeleweka: ni vigumu kwa hakimu kuweka kipimo kimoja cha ushauri wa kiroho kwa dini zote na madhehebu yote. Pia sheria ya leseni ya jimbo lile ilikuwa imewaacha nje viongozi wa dini wanaoshauri waumini wao, kama ilivyo katika majimbo mengine mengi ya Marekani.

Niliposoma hukumu ile mara ya kwanza nilifurahi, niliona imetukinga. Leo naisoma tofauti. Dola ilisema, hili si langu, ni lenu. Nasi tukalipokea kama ruhusa.

Wala tusijidanganye kwamba tunaoshughulika nao ni wachache wenye matatizo madogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, uliotumia takwimu za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulikuta kwamba karibu robo ya watu waliowahi kutafuta tiba ya matatizo ya akili walikwenda kwa kiongozi wa dini, na wengi wao hawakuonana na daktari wala mtaalamu mwingine yeyote. Kiongozi wa dini ndiye aliyekuwa mlango wa kwanza na wa mwisho. Akikosea yeye, hakuna wa kumsahihisha.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Malalamiko dhidi ya mshauri hushughulikiwaje kwenye vyama vyetu? Mnajua, lakini acheni niliseme kwa sauti. Mlalamikaji anaandika barua. Katibu anaipokea, na kabla hajaipeleka kamati anampigia Mzee, "kwa heshima tu". Mzee anawaita wote wawili. Anafungua kwa dua. Anasema sisi ni familia moja, yaishe humu humu ndani. Mshauri anaomba radhi kwa maneno ya jumla, kama nimekukwaza unisamehe, na mlalamikaji anaulizwa mbele ya watu watatu kama amesamehe. Atajibu nini? Akisema hapana, yeye ndiye sasa mwenye dhambi.

Suluhu ni jambo jema kwa ndugu wawili waliokosana. Mteja na mshauri wake si ndugu wawili waliokosana. Tangu siku ya kwanza mmoja alikuwa anajua kila kitu cha mwenzake, na mwenzake hajui chochote chake. Na ili athibitishe kwamba siri yake ilitolewa, mteja analazimika kuitoa tena yeye mwenyewe, safari hii mbele ya watu watakaokaa nyuma yake ibadani. Wengi wanairudisha barua mfukoni. Halafu kwenye mkutano mkuu tunasomewa taarifa ya mwaka: hakuna malalamiko yaliyopokelewa. Tunapiga makofi. Mimi nimepiga makofi hayo, si mara moja.

Yule binti aliacha kuja wiki mbili baada ya ile simu. Sikuwahi kumwambia kwamba Mzee aliulizia habari zake. Hadi leo sijui kama nilipaswa kumwambia. Ningemwambia, ningemvunjia mahali pake pa ibada. Nilipomficha, nilimwacha arudi pale bila kujua anatazamwa. Hilo ndilo swali nililotaka kuiuliza kamati ya maadili, na kamati ya maadili ndiyo ilikuwa imepiga simu.

Ninachoomba ni kimoja, mengine yote ni matawi yake: anayesikiliza malalamiko asiwe mtu ambaye mlalamikaji au mlalamikiwa yuko chini ya mamlaka yake ya kidini. Mzee ahubiri, afungishe ndoa, azike, atuombee. Kwenye kamati ya maadili asikae, wala asipelekewe faili, wala asiulizwe "kwa heshima tu".

Najua jibu lenu, kwa sababu nimeshalisikia. Watu wa nje hawatatuelewa. Watatuhukumu kwa vipimo vya kidunia. Watageuza imani yetu kuwa kosa. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Nimeeleza juu jinsi taaluma ilivyotutazama. Lakini tazameni malalamiko yenyewe. Mshauri amesimulia habari za mteja kwenye kikao cha wazee. Mshauri amemkopa mteja fedha. Mshauri amemtongoza. Mshauri amemwambia mtu mwenye sonona kali aache dawa, afunge na kusali. Kati ya hayo ni lipi linalohitaji mtu ajue kufasiri maandiko? Labda hilo la mwisho, kidogo. Na hata hapo dini zote ninazozifahamu zina viongozi wasioona ugomvi wowote kati ya sala na dawa.

Mengine mtasema ni gharama. Chama kidogo hakiwezi kuajiri jopo huru. Kweli. Basi tubadilishane. Chama cha washauri Waislamu kisikilize malalamiko ya chama cha washauri Wakristo, na cha Wakristo kisikilize ya Waislamu; Wahindu, Wabahai na wengine waingie kwenye mzunguko huo huo. Mzee wa huku hana sauti kule. Msikilizaji anajua uzito wa imani kwa sababu naye anayo, anajua maana ya kukutana na mteja msibani, lakini hana sababu ya kulinda jina la jumuiya isiyo yake. Nimeliuliza hili kwa wenzangu wa dini tatu, na wote walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, kisha wakasema wao wangependelea kusikilizwa hivyo kuliko na watu wao. Mmoja alisema hata mke wake angependelea. Sikumuuliza kwa nini.

Kufungua dirisha kwa jicho la nje si kuiuza dini. Nchini Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita mshauri nasaha, sheria haijalilinda jina hilo. Hata hivyo chama cha Wakristo walio kwenye ushauri nasaha cha huko kilikubali orodha ya wanachama wake ikaguliwe na mamlaka ya nje ya viwango vya taaluma, mamlaka isiyo ya dini yoyote. Bado wanasali kwenye mikutano yao. Na chama kikubwa cha kidunia cha huko huko huchapisha hadharani adhabu wanazopewa wanachama waliothibitika kukosa. Kwetu sisi mshauri akifukuzwa, anafukuzwa kimya kimya ili kumstahi, na mwezi ujao ana kiti kwenye jumuiya nyingine yenye watu wasiojua lolote. Tumemstahi yeye. Wale watakaoketi mbele yake hatukuwafikiria.

Kuhusu usimamizi wa kitaalamu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hakuna anayeupinga hadharani, ila hatuufanyi. Wanafunzi wa Boisen walikosolewa na wenzao. Sisi tukishapata cheti hatukosolewi tena hadi kufa. Chama kisimhuishie uanachama mshauri asiyeweza kuonyesha kwamba mwaka huu amekaa na msimamizi, na msimamizi huyo asiwe kiongozi wake wa ibada. Kuombewa na Mzee kabla ya kazi ni baraka, hakuhesabiwi kama usimamizi.

Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu ujao wa chama changu nitapeleka hoja ya kubadilisha kifungu cha kamati ya maadili. Nimeiandika kwa sentensi tatu ili isipotee kwenye mjadala. Ya kwanza: hakuna mwenye mamlaka ya kidini juu ya wanachama atakayekuwa mjumbe wa kamati hiyo. Ya pili: zaidi ya nusu ya wajumbe watoke nje ya jumuiya yetu. Ya tatu: barua ya malalamiko ifunguliwe na mjumbe wa nje, na katibu wa chama aijue tu baada ya mlalamikaji kukubali. Wanachama wa vyama vingine mnaweza kuichukua kama ilivyo, mkabadilisha jina la chama tu.

Nimeambiwa kwamba nitaitwa kuzungumza kabla ya siku hiyo. Nitakuja, kwa adabu zote, lakini sitaondoa hoja. Na kama viongozi wa chama chochote mna la kunijibu, nawaomba mnijibu kwa maandishi, si kwa simu.

Wenu katika huduma,

Mshauri nasaha, mwanachama wa chama kimojawapo